Barua kwa mwanangu: Kwa nini namtanguliza Bill Russell

Mwanangu Salim,

Natumaini hujambo. Ujumbe wako nimeupata, na swali lako kuhusu orodha zetu za wachezaji bora wa mpira wa kikapu wa wakati wote nimelifikiria sana: "Mama, unamtangulizaje Bill Russell mbele ya Jordan na LeBron, mtu ambaye wastani wake ulikuwa pointi 15 tu kwa mechi?"

Takwimu yako ni sahihi, ni 15.1. Ungetaka kunibana zaidi ungeongeza kwamba mitupo yake ya adhabu iliingia kidogo tu zaidi ya nusu. Jordan yeye alifunga wastani wa 30.1, akacheza fainali 6 na kuzishinda zote. LeBron naye, Februari 2023, aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387, iliyokuwepo tangu Kareem alipostaafu mwaka 1989. Siwashushi hata kidogo. Ila wewe unaanzia kwenye pointi, na kazi kubwa ya Russell ilikuwa kuwanyima wenzake hizo pointi.

NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilianza kurekodi rasmi mashuti yaliyozuiwa msimu wa 1973/74. Russell alistaafu 1969. Kwa hiyo kile alichokifanya vizuri kuliko mtu yeyote, kwa misimu 13, hakina hata tarakimu moja kwenye vitabu vya ligi. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya shuti kukosa kikapu, zilikuwa zikihesabiwa, na hapo unamwona: wastani wa 22.5 kwa mechi. Mengine itabidi uyatafute kwenye filamu za zamani.

Ukizipata, mtazame anavyozuia shuti. Masenta wengi, wale warefu wanaokaa karibu na kikapu kama yeye, huupiga mpira kwa nguvu zote mpaka majukwaani. Watu wanashangilia, halafu mpira unarudi kwa walewale waliotaka kufunga. Russell aliugusa tu kwa ncha za vidole, ukabaki uwanjani, ukamwangukia mwenzake, na kufumba na kufumbua Bob Cousy alikuwa ameshaondoka nao kuelekea upande wa pili. Pointi 2 za mpinzani zimekufa, pointi 2 za timu yake, Boston Celtics, zimezaliwa, na kwenye karatasi ya matokeo Russell hajaandikiwa kitu.

Katika mechi ya 7 ya fainali ya 1957, ile ya mwisho inayoamua bingwa, bado mgeni kwenye ligi, alikuwa chini ya kikapu cha mbali wakati Jack Coleman wa St. Louis Hawks alipopewa mpira katikati ya uwanja, njia nyeupe mbele yake, mechi ikielekea mwisho. Russell alikimbia karibu uwanja mzima, akamfikia, akalizuia shuti. Celtics walishinda baada ya vipindi viwili vya nyongeza, na huo ukawa ubingwa wao wa kwanza.

Kisha kuna Wilt Chamberlain, senta mpinzani wake mkubwa, na hapa naomba usome taratibu. Msimu wa 1961/62 Wilt alifunga wastani wa pointi 50.4. Machi 2, 1962, pale Hershey, alifunga pointi 100 katika mechi moja. Hakuna aliyewahi kukaribia wastani ule. Lakini tuzo ya Mchezaji Bora msimu huohuo alipewa Russell, na enzi hizo waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe! Watu waliokuwa wakipanda hewani mbele ya wote wawili walimchagua Russell. Kwangu mimi ushahidi huo una uzito kuliko jedwali lolote. Msimu ule ulimalizika kwa mechi ya 7 dhidi ya Los Angeles Lakers, iliyokwenda hadi muda wa nyongeza. Celtics walishinda 110 kwa 107, Russell akiwa na pointi 30 na ribaundi 40.

Najua utakachosema: alipoanza ligi ilikuwa na timu 8 tu, na njia ya kufika fainali ilikuwa fupi. Ni kweli. Mataji 11 ya wakati ule siwezi kuyalinganisha moja kwa moja na 6 ya Jordan, na anayefanya hivyo anakosea. Lakini kumbuka pia kwamba timu zilipokuwa chache, vipaji havikutawanyika. Ulikutana na Wilt mara nyingi kwa msimu mmoja, na wiki ikiisha unamkuta tena.

Tena alikuwa akicheza huku akitukanwa. Mwaka 1961, mjini Lexington, yeye na wenzake weusi walinyimwa huduma ya chakula hotelini, wakakataa kucheza mechi ya kirafiki na kuondoka. Karibu na Boston kwenyewe, watu walivunja nyumba yake, wakaandika matusi ya kibaguzi kutani na kuchafua kitanda chake. Bado alivaa jezi ya mji ule na kuuletea mataji. Mwaka 1966 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, akiendelea kucheza. Wewe umewahi kuongoza watu. Fikiria kuwapanga, kuwatoa, kuwakaripia, halafu uruke mwenyewe kumkaba Wilt. Kwa mtindo huo alitwaa ubingwa wa 1968 na 1969.

Mwaka 1969 Lakers walikuwa na Wilt, Jerry West na Elgin Baylor, na maputo ya kusherehekea yalishatundikwa darini kabla ya mechi ya 7. Celtics walishinda 108 kwa 106. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo, akapewa West wa timu iliyoshindwa, na Russell akastaafu bila kuipata. Tangu 2009 tuzo hiyo inaitwa kwa jina la Bill Russell.

Kama sekunde zimebaki 5 na nahitaji kikapu kimoja, nampa Jordan mpira na wala sisiti. Lakini mechi ya 7, dakika zote 48, namtaka Russell. Alicheza mechi 10 za namna hiyo na hakupoteza hata moja.

Sasa niandikie kuhusu Tim Duncan, maana sijasahau ulimweka wa 9 kwenye orodha yako, na nataka sababu.

Mama yako