Maswali na majibu: Stewart wa Lovedale

Tangu nimtaje Mchungaji James Stewart, Mskoti aliyekiongoza chuo cha Lovedale katika koloni la Cape (Afrika Kusini ya leo) kuanzia 1870 hadi alipofariki 1905, maswali hayakatiki. Najibu machache.

*Stewart ndiye aliyeanzisha Lovedale?*

Hapana. Ni William Govan, 1841. Hili nimeshalijibu mara tatu.

*Ni kweli alikitupa mtoni kitabu cha safari cha mmisionari David Livingstone?*

Kweli, tena kwa makusudi. Mwaka 1862 alifika mto Zambezi pamoja na Mary, mke wa Livingstone, aliyekuwa akimfuata mumewe. Mary akafa kwa homa kule Shupanga (Msumbiji ya leo), Aprili mwaka huohuo. Stewart akaitembea nchi akitafuta ile neema aliyoisoma kitabuni, akakuta njaa na vijiji vilivyohamwa kwa sababu ya biashara ya watumwa. Februari 1863 akashuka ukingoni na kukivurumisha kitabu kwenye maji ya tope. Ameyaandika mwenyewe katika shajara yake. Ajabu ni kwamba 1874, Livingstone alipokwisha kuzikwa, ni yuleyule Stewart aliyelisihi kanisa lake lijenge misheni ya Livingstonia, katika Malawi ya leo. Marehemu hana deni.

*Aliwapa Waafrika ufundi badala ya Kigiriki kisicholiwa. Unamlaumu kwa lipi?*

Ndugu yangu, ufundi aliukuta. Useremala na uhunzi vilikuwapo Lovedale tangu miaka ya 1850, kwa fedha za gavana George Grey. Ugomvi ulikuwa kwingine. Govan aliwaketisha watoto wa Kiafrika na wa Kizungu darasa moja, Kilatini kilekile, Kigiriki kilekile, ili atakayeweza afike mbali. Stewart alitaka wengi wapate kidogo: Kiingereza mbele, na kazi ya mikono kila siku baada ya masomo. Mtoto anafunga kitabu, anashika sepeto. Kanisa kule Uskoti likamuunga mkono Stewart, na Govan akaondoka.

Silidharau jembe, mimi nimelishika. Ninachokataa ni mtu kukupimia akili kabla hujafungua daftari. Na mjihadhari na wanaohubiri leo kwamba watoto "wafundishwe kazi tu". Waulizeni wa kwao wanasoma nini.

*Mchungaji Mzimba alikosa shukrani?*

Hivyo ndivyo Stewart alivyoona. Pambani Mzimba alikuwa mchungaji wa usharika wa Lovedale, mtu mzima mwenye daraja kamili, lakini bado akisimamiwa kama kijana. Mwaka 1898 aliondoka na sehemu kubwa ya waumini, wakaanzisha kanisa lao. Wazungu wakaenda mahakamani kudai mali. Shukrani na utii ni vitu viwili.

*Alifika Kenya?*

Alifika. Mwaka 1891 aliongoza msafara kutoka Mombasa hadi Kibwezi, kwa mwaliko wa William Mackinnon na wenzake wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA), akaanzisha misheni. Homa ikawamaliza watu, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu. Kwa hiyo wanaosimulia kwamba Waskoti walianzia Thogoto, huko Kikuyu, wairuke Kibwezi kwa basi, si kwa historia.

*Kilima cha Stewart alikozikwa kiko wapi?*

Karibu na Lovedale, ila si cha Stewart. Kinaitwa kwa jina la Sandile, mfalme wa Waxhosa wa Ngqika, aliyeuawa akipigana na Waingereza 1878. Stewart ni mgeni pale.