Sauti mbili, mwimbaji mmoja
Ukisikiliza rekodi ya uimbaji wa koo wa Tuva, eneo lililo Urusi, unaweza kudhani kuna sauti mbili, ya mtu na ya filimbi; lakini anayeimba ni mtu mmoja tu, wala hakuna filimbi iliyofichwa nyuma yake. Katika uimbaji huo uitwao khöömei, mwimbaji hushikilia noti moja nzito kooni, kisha kwa kusogeza ulimi na kubana midomo hukuza mojawapo ya sauti nyembamba ambazo tayari zimo ndani ya noti ile, hadi isikike juu yake kama mluzi. Ukivuta “u” polepole kuelekea “i” bila kubadilisha noti, utaanza kuzinasa sauti hizo. Lakini mtindo mmoja wa uimbaji huu, kargyraa, wenye mngurumo mzito zaidi, huhusisha pia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti.