Muhuri wa SIRI ukitua mezani kwako

Wadogo zangu mnaoripoti sekretarieti ya kamati ya maadili ya Bunge, kabla hamjamaliza kusoma kanuni mtaletewa bahasha. Itakuwa na muhuri mwekundu wa SIRI, na ndani yake nusu ya maandishi yamefutwa kwa wino mweusi. Mwaka wangu wa kwanza nilisaini kitabu cha dispachi, bahasha nikaitia kwenye faili na kumwambia mwenyekiti kuwa nyaraka zimefika. Alipofungua akanitazama tu. Hazikuwa zimefika.

Someni uchunguzi wa Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Aprili 2022 Bunge la Uingereza liliipa Kamati ya Haki za Bunge kazi ya kuchunguza kama alilipotosha Bunge kuhusu tafrija za Downing Street, kwenye ofisi na makazi ya waziri mkuu, wakati wa Uviko-19. Agosti serikali ikaleta karatasi zilizofutwa hadi zikakosa thamani yoyote ya ushahidi, na baadhi ya yaliyofutwa yalikuwa hadharani tayari! Kamati haikuridhika. Karatasi zisizofutwa zilipatikana tarehe 18 Novemba.

Miezi yote hiyo ilipotea, na mimi naamini ni kwa sababu wanaofuta huchanganya mambo mawili: kuficha jambo lisifike gazetini, na kulificha lisifike kwa wachunguzi. Ofisa akikuambia "hili ni la kiusalama", usibishane naye juu ya usalama, maana hapo atakushinda. Muulize: mstari upi, na ukijulikana unamdhuru nani? Mara nyingi hoja husinyaa mpaka likabaki jina la karani mdogo au namba ya simu. Mara nyingine ni kweli kuna jambo zito, mfano zamu za walinzi, na hapo mheshimu. Kubalianeni wajumbe wasome nakala kamili chumbani, simu zikiwa nje, nakala zirudi masijala ya siri jioni ileile, na taarifa itakayochapishwa iondolewe mambo hayo ya siri. Makubaliano hayo yaandikwe. Maneno ya kwenye korido hukanushwa.

Halafu jiangalieni wenyewe. Tunaomba siri za wengine huku rasimu zetu zikilala kwenye mashine ya fotokopi (mimi niliisahau moja, akaiokota dereva, namshukuru mpaka leo). Kila nakala iwe na namba na jina la aliyepewa. Anayechunguzwa lazima aonyeshwe mambo anayotuhumiwa, hiyo ni haki yake, lakini apewe kwa sharti la usiri. Johnson alipoonyeshwa kwa siri matokeo ya kamati, tarehe 9 Juni 2023 alijiuzulu ubunge kwa tamko lililoyagusa matokeo hayo kabla hayajachapishwa. Taarifa ya kamati ya tarehe 15 Juni ililihesabu tamko lile kuwa dharau kwa Bunge.

Kwa shahidi wa cheo cha chini msicheze hata kidogo. Mheshimiwa ana wakili na waandishi wa habari, yeye ana bosi wake tu. Uliza mapema kama jina lake litafichwa, na usimwahidi jambo ambalo kamati haijaliamua.

La mwisho ni la mlangoni. Novemba 2008 polisi wa London waliipekua ofisi ya mbunge Damian Green ndani ya Bunge, wakifuatilia kuvuja kwa nyaraka za serikali. Hawakuwa na hati ya mahakama. Walikuwa na kibali kilichotiwa saini na ofisa wa Bunge. Aprili 2009 mkurugenzi wa mashtaka, Keir Starmer, akaamua hakuna kesi: habari zilizovuja hazikugusa usalama wa taifa. Kwa hiyo akija mtu na kitambulisho anataka kabati la kamati, mkaribishe kiti, mpe maji, omba hati aliyo nayo uisome, kisha mpigie Katibu wa Bunge. Usitie saini: kalamu iache mezani mpaka Katibu afike.