Hofu ya mgonjwa nayo ni sehemu ya ugonjwa

Swali lenu la wiki hii, "Daktari autibu ugonjwa au amtibu mtu?", linatufanya tudhani kwamba ugonjwa hutibika huku mwenyewe akiwekwa kando. Dhana hiyo George Engel, daktari wa Rochester, Marekani, aliipinga mwaka 1977, na mwaka 1980 akaitolea mfano unaostahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi na udaktari.

Mwanamume wa miaka 55 anapatwa na shambulio la pili la moyo, miezi sita baada ya la kwanza. Anajikaza kazini mpaka mwajiri wake anapomshawishi aende hospitali. Kitengo cha dharura kinampokea vizuri, anatulia. Kisha madaktari vijana wanamchoma kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ili watoe damu ya kupima. Wanaikosa, wanarudia, wanaikosa tena. Anaumia, anakasirika, hasemi kitu. Wanaondoka kutafuta msaada, wanamwacha peke yake. Muda si mrefu moyo unaacha kudunda kwa mpangilio na kubaki ukitetemeka tu. Ikabidi ushtuliwe kwa umeme, akapona.

Mtu wa vipimo pekee atasema msuli uliokosa damu ulivuruga umeme wa moyo. Ni kweli. Engel akaongeza kwamba maumivu, hasira na upweke huchochea adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo huukimbiza moyo, huuongezea uhitaji wa oksijeni na kuuweka karibu zaidi na mvurugiko. Kumbe sindano zile na kule kuachwa vilichangia.

Ndiyo maana anayechoma ateri amweleze mgonjwa kwanza, atie ganzi, na akikosa mara mbili amwite mwenye uzoefu, huku mtu mmoja akibaki kando ya kitanda. Hakuna mashine mpya inayohitajika hapo.

Wananiudhi wanaotumia jina la tiba ya mtu kwa ujumla wake, mwili na roho, kumwambia mwenye kisukari aache insulini atulize roho. Engel hakuiondoa biolojia mahali pake. Hata fasili ya afya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, ina kasoro: inadai ustawi "kamili" wa mwili, akili na jamii, kiasi kwamba mwenye kisukari anayejipima sukari, anayekula kwa mpango na kwenda kazini kila siku hawezi kamwe kuhesabiwa mwenye afya.

Katika kuchukua historia ya mgonjwa, ongezeni maswali matatu: unadhani nini kimekuletea hali hii? Unachokiogopa zaidi ni nini? Nyumbani nani atakusaidia na dawa? Jibu la tatu likiwa "hakuna", dozi ya mara nne kwa siku ibadilishwe kabla hajatoka mlangoni.