Nairobi hadi New York: mama atakaa angani saa ngapi?

Dada, umeuliza ni umbali gani kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, na kama mama yako wa miaka 70 ataumudu. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways waliianzisha Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu angani upepo mkali huvuma kutoka magharibi.

Usihesabu muda kwa saa za kwenye tiketi, kila moja ni ya mji wake. Akiondoka saa sita usiku mwezi Januari, atashuka saa moja asubuhi ya huko, wakati Nairobi ni saa tisa alasiri.

Kupitia Dubai njia hufika kilomita 14,500 hivi: saa 5, kisha 14, bado kusubiri uwanjani. Kwa umri wake, ningelipa zaidi apande ya moja kwa moja. Mwombee kiti cha kando ya ujia, ainuke mara kwa mara anyooshe miguu, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kiti cha magurudumu kiombe mapema, hakilipiwi.