Kwa nini "roundabout" kwetu ni kipilefti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza neno la Kiingereza "roundabout" lina maana gani, na kama ni sahihi sisi kuyaita makutano ya barabara yenye duara katikati kipilefti. Ninaishi Moshi na shughuli zangu nyingi ziko Arusha, miji ambayo ni vigumu kumwelekeza mgeni bila kutaja kipilefti, hivyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Waingereza walikuwa na neno hilo karne nyingi kabla ya gari kuundwa. Maana yake ya zamani ni njia ndefu isiyonyooka, ya miguu au ya maneno: mtu anayetaka mkopo, akaanza na habari za mvua na afya ya shangazi, husemwa kuwa ameomba kwa namna hiyo. Wafasiri wajihadhari hapa wasiandike kwamba mtu huyo "amezunguka mbuyu", kwa sababu kwetu aliyezunguka mbuyu ametoa rushwa. Neno hilo pia ni jina la bembea ya duara inayozungusha watoto, na ndiyo iliyozaa msemo wao kwamba kilichopotea kwenye bembea za kawaida hupatikana kwenye zile za kuzunguka, yaani hasara ya huku hufidiwa na faida ya kule.

Maana ya barabarani ndiyo changa. Makutano ya duara ya kwanza nchini Uingereza yalijengwa Letchworth mwaka 1909, na sheria ya kumlazimisha anayeingia ampishe aliyekwisha kuingia ilikuja mwaka 1966. Kabla ya hapo, waliokuwa wakiingia waliweza kuwazuia waliokuwa wakitoka, hata duara zima likakwama.

Sisi hatukuazima jina, tuliazima amri. Kibao cha "keep left" kilimwagiza dereva ashike kushoto, na watu wakapaita mahali pale kwa maneno ya kibao chenyewe. Kwa kuwa maneno hayo yanaanza kwa sauti ya ki, yaliingia moja kwa moja katika ngeli ya KI-VI: kipilefti kimoja, vipilefti viwili, sawa na kitabu na vitabu, neno lililotoka katika Kiarabu. Mafundi wa magari wanalo jingine la aina hiyo, kwani neno la Kiingereza "mudguard", lililoungwa kwa tope na kinga, lilipofika kwetu likawa madigadi, silabi yake ya kwanza ikachukuliwa kuwa alama ya wingi, na bati moja la juu ya gurudumu likaitwa digadi. Wanaoyacheka maneno haya kana kwamba ni makosa ya wasiosoma hawajaitazama sarufi ya lugha yao ikifanya kazi.

Wapo wanaopendekeza tuseme "mzunguko" tu. Neno hilo ni zuri, lakini tayari lina mzigo wa damu, wa fedha na wa mwezi. Abiria wa kifodi, yaani daladala ndogo, akimwambia konda amshushe kipilefti cha Impala kule Arusha, au huku kwetu akitaja kipilefti cha Mnara wa Saa, haulizwi mara ya pili. Wakenya wengi husema raundabauti, nao wanaelewana vizuri.

Upungufu ninaouona katika kipilefti ni mmoja, nao ni mkubwa: jina limebeba nusu tu ya sheria. Ni kweli kwamba dereva anapoingia huelekea kushoto na kuliacha duara upande wake wa kulia, lakini anayepaswa kumpisha ni yule anayekuja kutoka kulia, ambaye tayari yumo ndani. Mwanafunzi wa udereva aliyeshika neno bila kushika nusu hiyo ya pili huingia akitazama kushoto anakokwenda, na pikipiki inamjia kutoka upande asiouangalia. Kwa hiyo ningewaomba walimu wa udereva wakitumie kipilefti bila haya darasani, na katika somo hilo hilo wamfundishe mwanafunzi kugeuza shingo kulia kabla gurudumu la mbele halijavuka mstari.

Msomaji wenu,
Moshi