Jibu: Makala ya kulipiwa ambayo mteja hataki itajwe kuwa tangazo

Salaam, ndugu yangu wa Mikindani. Umeeleza kwamba mwenye nyumba ya wageni anataka uisifu kwenye blogu yako, akulipe baada ya makala kutoka, kwa sharti kwamba wasomaji wasijue kuwa imelipiwa.

Kabla ya kujadili bei, likatae sharti hilo la mwisho. Andika juu kabisa kwamba makala imelipiwa, na kiungo cha kwenda kwenye tovuti yake kiwekee alama ya rel="sponsored" (maneno ya ndani ya msimbo wa kiungo yanayoiambia mitambo ya utafutaji kuwa kimelipiwa), ambayo Google iliitambulisha mwaka 2019, kwa sababu viungo vilivyonunuliwa kwa siri vinakiuka masharti yake na vinaweza kuishusha blogu nzima katika matokeo ya utafutaji. Mimi huku Lindi nimewakosa wateja kwa msimamo huu na sijutii, maana msomaji anayepanga safari ya Kilwa Kisiwani kwa kuniamini ndiye mtaji wangu.

Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na makubaliano yawe ya maandishi, hata kwa WhatsApp: urefu wa makala, idadi ya marekebisho, na muda ambao itabaki hewani, jambo ambalo husahaulika sana na ndilo linaloleta ugomvi. Bei huikadiria kwa saa za kazi pamoja na nauli, kwa kuwa siandiki kuhusu mahali ambapo sijafika.

Waulize pia TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama blogu yako inahitaji leseni ya maudhui mtandaoni. Mteja aliye kampuni akikata kodi ya zuio (kodi anayoizuia kwenye malipo yako kabla ya kukulipa) ya asilimia 5, mwombe hati ya makato hayo.